Get Lucky au Uptown Funk: upi upigwe ukumbini Tanga, na wakati gani

Kamati nyingi za harusi mjini Tanga hujadili kwa kirefu pilau, mapambo na sare, kisha muziki huachiwa DJ kwa agizo moja tu: apige taarabu, apige Bongo Fleva, na katikati atie za Kizungu za kuchangamsha. Katika hizo za Kizungu zipo mbili ambazo ni vigumu kuzikwepa, nazo zote ni fanki ya kisasa. Ya kwanza ni "Get Lucky" ya Daft Punk, Wafaransa wawili waliowashirikisha mwimbaji Pharrell Williams na mpiga gitaa Nile Rodgers, iliyotoka Aprili 2013. Ya pili ni "Uptown Funk" ya Mark Ronson, iliyoimbwa na Bruno Mars na kutoka Novemba 2014. Zote mbili ni za furaha, zote zinachezeka, na zote zilipata tuzo ya Grammy ya rekodi ya mwaka, ya kwanza mwaka 2014 na ya pili mwaka 2016, kwa hiyo watu wengi huziona kama pacha ambao yeyote kati yao anaweza kutumwa kazi ya mwenzake. Anayezisikiliza kwa makini atabaini kuwa moja hukaribisha na nyingine huamrisha, na hilo ndilo linalopaswa kuamua ipi ipigwe na ipigwe wakati gani.

Kwa upande wa kasi hakuna cha kuchagua. Get Lucky huenda kwa mapigo 116 kwa dakika na Uptown Funk kwa mapigo 115, tofauti ambayo katika kila pigo haifiki hata sehemu tano za elfu moja za sekunde, na hakuna mguu wa binadamu unaoweza kuitambua. Kasi hiyo yenyewe ni sababu nzuri ya kuingiza fanki katika sherehe yenye watu wa rika zote. Singeli hupita mapigo 200 kwa dakika na huwaacha vijana peke yao uwanjani, ilhali taarabu ya taratibu huwapa akina mama nafasi ya kujongea mbele kwa maringo, noti mkononi, ili wakamtunze mwimbaji. Fanki ya mapigo 115 au 116 hukaa baina ya hizo mbili, kiasi kwamba bibi anaweza kuicheza kwa mabega akiwa kitini na mjukuu wake akaicheza kwa mwili mzima, bila yeyote kati yao kutoka ndani ya mdundo. Angalizo moja ni kwamba aliyelelewa na chakacha, ambayo pigo lake hugawanyika mara tatu, huhitaji muda kidogo kuuzoesha mwili mdundo ambao kila pigo lake hukatwa vipande vinne. Nyonga hujaribu kwanza kuzunguka kama ilivyozoea, kisha hugundua kwamba hapa inatakiwa kukata.

Tofauti ya kwanza ya kweli iko kwenye ngoma, na ili kuielewa hatuna budi kurudi nyuma kidogo. Katika miaka ya 1960 mwimbaji wa Marekani James Brown aliwafundisha wanamuziki wake kuliwekea uzito pigo la kwanza katika kila mapigo manne, na kuyaacha mengine yazungukwe na sauti fupifupi za gitaa, besi na tarumbeta zinazopishana bila kugongana. Huo ndio uti wa mgongo wa fanki. Disko, iliyoshamiri katika nusu ya pili ya miaka ya 1970, ilichukua gitaa na besi za fanki lakini ikalipa kila pigo uzito ulio sawa, ngoma kubwa ya mguu ikitwanga moja, mbili, tatu, nne bila kupumzika. Get Lucky imesimama kwenye ukoo huo wa disko, na Nile Rodgers hakualikwa kwa bahati, kwa kuwa ndiye aliyeanzisha kundi la Chic mjini New York mwaka 1976 pamoja na mpiga besi Bernard Edwards. Uptown Funk imeegemea upande wa pili, kwa James Brown mwenyewe na kwa fanki ya vinanda vya umeme iliyotoka Minneapolis, mji wa mwanamuziki Prince, mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Kwa mchezaji, maana yake ni hii. Ngoma ya Get Lucky haimwachi mtu njiani. Aliyechelewa kuinuka kitini, aliyekuwa akimalizia soda, aliyesimama kumsalimia shangazi, wote wanaweza kuingia katika pigo lolote na wakawa sawa na wenzao. Uptown Funk humdai mtu zaidi, kwa sababu ina vituo, ina miruko, na ina mahali ambapo muziki hukatika ghafla na kila mtu hujulikana kama alikuwa akisikiliza au akibahatisha.

Kwenye gitaa ndipo Tanga inapopaswa kusikiliza kwa masikio yake yenyewe. Huu ni mji wa Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, bendi zilizofanya magitaa matatu yazungumze kwa kupokezana, na ni mji wa Black Star na Lucky Star, vikundi ambavyo taarabu yao ilijulikana kwa gitaa la umeme na besi badala ya kutegemea fidla nyingi na ala ya nyuzi iitwayo kanuni kama ilivyo katika taarabu ya Unguja. Sikio lililokuzwa na muziki huo halisubiri mwimbaji ndipo lifurahi, bali hufuata kwanza gitaa la rithimu na kuuliza linasema nini chini ya solo. Mwenye sikio hilo atakuta katika Get Lucky kitu anachokijua ingawa hajawahi kukisikia. Mkono wa kulia wa Rodgers hausimami. Hupanda na kushuka juu ya nyuzi mara kumi na sita katika kila mapigo manne, huku mkono wa kushoto ukibana na kuachia, hivi kwamba baadhi ya mipigo hutoa sauti kamili na mingine hutoa mkwaruzo mkavu usio na noti. Ule mkwaruzo ndio unaotia hamu ya kucheza, kwa sababu hujaza nafasi ambayo ngoma imeiacha. Gitaa analolitumia ni Stratocaster nyeupe ya zamani ambayo ameipa jina la Hitmaker, na sauti yake ni nyembamba, safi, isiyo na mngurumo wowote.

Gitaa la Uptown Funk nalo ni kavu na safi, lakini kazi yake ni nyingine. Linatupa kauli fupi, linanyamaza, kisha linaitupa tena, na kauli hiyo hujibiwa na kinanda au na kundi la tarumbeta na saksafoni. Aliyependa dansi ya zamani atavutiwa zaidi na hao wapulizaji kuliko gitaa. Baadhi yao walitoka Dap-Kings na Antibalas, makundi mawili ya New York, na hilo la pili limejengwa juu ya Afrobeat ya Fela Kuti wa Nigeria, ambaye naye alikuwa amemsikiliza sana James Brown. Muziki huu umeivuka bahari zaidi ya mara moja, na huenda ndiyo sababu mdundo wake hauwi mgeni kwetu kwa muda mrefu.

Kuhusu besi, Get Lucky inashinda, na kwa maoni yangu inashinda kwa mbali. Mpiga besi wake, Nathan East, anaimba kwa besi yake, akitembea baina ya kordi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) moja na nyingine kwa noti ndefu na fupi, na anayeisikiliza besi peke yake kuanzia mwanzo hadi mwisho hatachoka. Uptown Funk ina ujanja wa namna nyingine, kwani hufunguliwa na sauti za wanaume zinazoiga besi kwa midomo, kabla hata ngoma haijashika hatamu. Ujanja huo una thamani kubwa ukumbini, maana hakuna mtoto wa miaka sita asiyeweza kuuiga, na ukumbi mzima hutambua wimbo gani unakuja kabla haujaanza sawasawa.

Sasa hisia. Wasikilizaji wengi hushangaa wakiambiwa kuwa nyimbo hizi mbili za furaha zimetungwa katika maina, ufunguo tunaozoea kuuhusisha na huzuni, moja ikielemea B maina na nyingine D maina. Get Lucky ina kordi nne zinazozunguka kwa mpangilio uleule kuanzia mwanzo hadi mwisho, na mzunguko huo hauna mahali unapotua ukasema nimefika, kwa hiyo kila unapokamilika humsukuma msikilizaji kwenye mzunguko mwingine. Furaha yake ina chembe ya hamu, kama furaha ya mtu anayejua kwamba usiku ni mzuri na kwamba utakwisha. Ni wimbo wa saa tatu usiku, watu wameshakula, taa zimepunguzwa, upepo wa bahari umeanza kuingia. Wimbo huu haumlazimishi mtu kucheza, na anayetaka kuendelea na mazungumzo mezani ataendelea, ingawa mguu wake utakuwa umeshaanza bila ruhusa.

Uptown Funk haina hamu hata kidogo. Imejengwa juu ya kordi mbili tu kwa sehemu kubwa, D maina na G, zote zikiongezewa noti ya saba, na kwa kuwa kordi hazibadiliki, msisimko wote unaletwa na upangaji wa sauti: nini kiingie, nini kitoke, na lini kila kitu kinyamazishwe. Ubeti huanza na vyombo vichache, kisha vyombo huongezwa, kisha huja sehemu ambapo sauti hupanda na ngoma hukazana hadi msikilizaji ahisi kwamba kitu fulani lazima kipasuke, na kinapopasuka ndipo tarumbeta huingia kwa nguvu zote. Mwimbaji naye hana unyenyekevu. Anajisifu kwa mavazi, kwa mji, kwa uzuri wake mwenyewe, na anatoa maagizo kwa hadhira kama mshereheshaji aliyepewa kipaza sauti na akakataa kukirudisha. Majigambo hayo si mageni katika mji unaojua mipasho, isipokuwa hapa hakuna anayepigwa kijembe, kwa hiyo hakuna jirani atakayeondoka amenuna.

Kwa upande wa maneno, kamati yenye wazee waangalifu ipime mambo mawili. Uptown Funk inataja pombe waziwazi na ina maneno machache makali, ambayo mtu anayefuata Kiingereza atayasikia. Get Lucky husema jambo lake kwa mafumbo, juu ya watu wawili wanaokesha na matumaini ya usiku huo, na hadhira iliyozoea taarabu itaelewa haraka kinachozungumzwa hata kama Pharrell anakiimba kwa sauti laini ya juu. Katika ukumbi wa akina mama peke yao, fumbo la namna hiyo halina ubaya, pengine litapigiwa vigelegele. Mbele ya baba wakwe na masheikh waliobaki baada ya chakula, zote mbili zingesubiri kidogo.

Umaarufu nao una nafasi yake katika uamuzi. Uptown Funk ilikaa kileleni mwa chati ya Marekani kwa wiki 14 mwaka 2015, na Get Lucky haikupita nafasi ya pili huko, ikizuiwa na wimbo mwingine ambao, kwa kichekesho cha mambo, Pharrell huyohuyo alikuwa ameshiriki. Vijana na watoto wanaijua zaidi Uptown Funk. Wazee waliocheza disko enzi zao watajikuta nyumbani katika zote mbili, kwa sababu mkono wa Rodgers waliusikia kwenye Chic, na sehemu moja ya Uptown Funk inafanana sana na wimbo wa Gap Band wa mwaka 1979, kiasi kwamba mwaka 2015 watunzi wa wimbo huo wa zamani waliongezwa kwenye orodha ya watunzi wa huu mpya. Mjomba anayesema huu wimbo aliusikia zamani asibishiwe.

Kuna jambo ambalo halizungumzwi sana lakini linaweza kuharibu wimbo mzuri, nalo ni mahali penyewe. Ukumbi wa kuta za saruji na paa la bati hurudisha sauti, na sauti za chini ndizo zinazokaa muda mrefu zaidi hewani. Besi ya Get Lucky, yenye noti nyingi zinazofuatana, hupoteza mistari yake humo na kugeuka mngurumo mmoja, na pamoja na besi huenda nusu ya utamu. DJ mwenye busara atapunguza besi kwenye mashine na kuliacha gitaa lisikike. Uptown Funk huvumilia ukumbi wa namna hiyo kwa sababu imejaa nafasi tupu, na mwangwi hupata mahali pa kuishia kabla sauti inayofuata haijaingia, ingawa vile vituo vyake vya ghafla hupoteza ukali kuta zikiendelea kuvuma. Nje mambo hugeuka. Chini ya turubai katika mojawapo ya barabara za Ngamiani, au kwenye bustani ya ufukweni kule Raskazone, hakuna ukuta wa kurudisha sauti, besi haipati kuta za kuiongezea nguvu, na sauti za juu husikika wazi zaidi. Hapo mkwaruzo wa Rodgers na matoazi ya Get Lucky husikika vizuri, na besi, ikiongezwa kidogo, husikika noti kwa noti. Kwa sherehe ya nje, kama ningeruhusiwa mmoja tu, ningechukua huo bila kusita.

Kama muziki utapigwa na bendi na si DJ, uchaguzi ni mwepesi zaidi. Get Lucky yaweza kupigwa vizuri na watu watano: drams, besi, magitaa mawili na mwimbaji mwenye sauti ya juu, na pale ambapo Daft Punk wanaimba kwa vokoda, mashine inayoifanya sauti ya mtu iwe kama ya roboti, kinanda au waitikiaji wawili watatosha. Kordi ni zilezile nne, kwa hiyo bendi inaweza kuurefusha kadiri wachezaji wanavyotaka, jambo ambalo wanadansi wetu wamelifanya tangu zamani katika ile sehemu ya kuchemka. Sharti ni moja, mpiga rithimu awe na mkono wa kulia usiochoka. Uptown Funk bila wapulizaji hubaki mifupa. Kinanda kinaweza kuiga tarumbeta, lakini msikilizaji atajua, na bendi isiyofanya mazoezi ya kutosha ya vile vituo itaaibika mbele ya watu, kwa sababu mmoja akikosea kunyamaza kila mtu humsikia.

Ushauri wangu kwa kamati, basi, ni huu. Kwa kuingia wapambe, Uptown Funk haina mshindani kati ya hizi mbili. Wapambe wanahitaji wimbo unaowaambia lini wapige hatua, lini wasimame na lini wageuke, na wimbo huu umeyapanga hayo wenyewe, kinachobaki ni kujizoeza siku chache kabla. Kwa kuingia bibi na bwana harusi nisingeupiga kamwe, maana Bruno Mars atawapokonya macho ya watu kwa majigambo yake. Wakitaka fanki ya kuingilia, wapewe "Treasure" ya Bruno Mars huyohuyo, ambayo ina kasi inayokaribiana na hizi, haifiki dakika tatu, na humsifu mpenzi kuwa ni hazina, maneno ambayo hakuna mkwe atakayeyalalamikia, mradi DJ alikate tusi lililo mwanzoni kabisa mwa wimbo. Kwa kufungua uwanja wa kucheza baada ya chakula, wakati watu wameshiba na kila mmoja anamngoja mwenzake ainuke, ichukuliwe Get Lucky. Wimbo unaoamrisha watu walioshiba huambulia makofi ya mezani, ilhali unaokaribisha huwainua wawili, kisha wanne, kisha meza nzima.

Yapo maelezo mawili ya kumpa DJ. Get Lucky ya kwenye albamu inapita dakika sita na ile ya redio ni dakika nne na kidogo, na kwa kufungua uwanja inafaa ile ndefu, kwa sababu watu wa Tanga hawainuki katika dakika ya kwanza. Akitaka kuziunganisha moja kwa moja, kasi haitampa taabu, lakini B maina na D maina hazikai pamoja, kwani noti za moja hukwaruzana na za nyingine. Asubiri mpaka Get Lucky iishe au aifinye ibaki ngoma tupu, ndipo azifungulie zile sauti zinazoiga besi, na akishazifungulia aviache vituo vya Uptown Funk vikae kimya kama vilivyorekodiwa, wala asivijaze kwa ving'ora na kelele za kwenye kipaza sauti.